Uzi kwa wazazi wa Nairobi: tuisimamie vipi simu ya kijana bila kumfunga mdomo?

Mzazi wa Donholm (mwanzisha uzi)

Wazazi wenzangu, salamu. Likizo ya Agosti imekaribia, na katika nyumba nyingi za jiji hili hizo ndizo wiki ambazo simu hutolewa kabatini na kurudishwa mikononi mwa mtoto aliyekaa bwenini muhula mzima bila kuigusa. Katika kundi la wazazi wa mtaa wetu mjadala umepamba moto: je, mzazi ana haki ya kusoma ujumbe wa mtoto wa miaka 14? Wapo wanaosema kwamba simu ni ya mzazi, kwa kuwa ndiye aliyeinunua na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake, hivyo mtoto aliye chini ya paa lake hana siri. Wapo wanaoshikilia kwamba kumpekua kijana ni kumfundisha uongo. Nimezisikiliza pande zote, nami nimeona heri niandike kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linanigusa sana na ujumbe mfupi wa kundi hauwezi kulibeba.

Msimamo wangu ni huu. Mzazi anayo haki ya kusimamia, tena ni wajibu wake, lakini kila hatua anayoichukua juu ya simu ya kijana haina budi kupimwa kwa swali moja: je, hatua hii itamfanya mtoto aje kwangu siku atakapofikwa na baya, au itamfanya anifiche? Tunajidanganya tukidhani kwamba tukiona kila kitu tutaiwahi hatari kabla haijafika. Hatuwezi kuona kila kitu. Mtoto ana simu ya rafiki, ana kompyuta ya saiba, anaweza kuwa na akaunti ya pili yenye jina usilolijua, na ana saa nyingi ambazo wewe uko kazini. Kinachobaki ni kinywa chake mwenyewe, nacho hakifunguki mbele ya mtu anayeogopwa.

Utafiti unaliunga mkono jambo hili. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha matokeo yao kuhusu vijana wa miaka 14 nchini Sweden pamoja na wazazi wao. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba wazazi wanaojua mengi kuhusu maisha ya watoto wao huyajua kwa kufuatilia. Wawili hao waligundua kwamba chanzo kikubwa cha maarifa ya mzazi kilikuwa mtoto kusimulia mwenyewe kwa hiari yake, na kwamba kuulizauliza na kubana kwa masharti kulichangia kidogo zaidi. Wakati huo hapakuwa na simu za kisasa, lakini mimi sioni kwa nini kijana wa Umoja au wa South B awe na moyo tofauti.

Upande wa sheria nao hauelemei upande mmoja kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano, na neno hilo "kila mtu" halikuwatenga watoto. Kifungu cha 53 kinasema kwamba masilahi bora ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kuingilia faragha na mawasiliano ya mtoto kiholela, na papo hapo inatambua haki ya mzazi au mlezi kusimamia mwenendo wa mtoto wake kwa kiasi kinachofaa. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, katika kifungu chake cha 10, unasema vivyo hivyo. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa maelezo yake ya 25, yanayohusu mazingira ya kidijitali, na humo ikataka ufuatiliaji wa mzazi ulingane na hatari iliyopo na ukomavu wa mtoto unaokua. Kwa hiyo sheria haimnyimi mzazi mamlaka, inamwekea kipimo. Anachofanyiwa mtoto wa miaka 12 hakifai kufanyiwa kijana wa miaka 17.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Mzazi anayefanya kazi Westlands na kuishi Embakasi huondoka kukiwa bado giza na kurudi saa mbili usiku, kwa sababu foleni ya jioni haimhurumii mtu. Mtoto wa shule ya kutwa hutoka darasani alasiri, hupanda matatu peke yake, hufika nyumbani na kukaa na dada wa kazi, ambaye naye ana shughuli zake. Kwa saa hizo simu ni ulinzi wake, maana ndiyo inayokuwezesha kujua kwamba amefika, na ndiyo hiyo hiyo inayomkutanisha na watu usiowajua. Mtoto wa bweni ana shida yake tofauti. Simu haziruhusiwi shuleni, hivyo kwa miezi mitatu hivi hana hata moja, kisha ghafla anapewa simu, bando na likizo nzima bila kazi. Huyo hajapata nafasi ya kujifunza kiasi. Naamini ndiyo sababu migogoro mingi ya simu katika nyumba zetu hulipuka Aprili, Agosti na Desemba.

Ninachopendekeza ni usimamizi wa wazi. Kabla simu haijatolewa kabatini, kaeni mezani, mtoto aambiwe ni nini mzazi ataona, ni nini hataona, na ni lini kanuni hizo zitalegezwa. Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, ya baba na ya mama zikiwemo. Programu mpya isiwekwe bila kujadiliwa. Mahali alipo paonekane, lakini na yeye aone mlipo ninyi, ili jambo hilo liwe desturi ya familia nzima wala lisiwe kamba ya kumfunga yeye peke yake. Mazungumzo yake na marafiki yasisomwe kama kazi ya kila siku.

Mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye suala la fedha, kwa sababu halizungumzwi vya kutosha. Mtu anayemrubuni mtoto katika nchi yetu mara nyingi huanza na kitu kidogo: bando, fedha za M-Pesa, ahadi ya viatu. Mzazi ambaye laini ya mtoto imesajiliwa kwa jina lake anaweza kumwambia mtoto waziwazi kwamba fedha zinazoingia na kutoka wataziangalia pamoja kila mwisho wa mwezi. Fedha zinazoingia kutoka kwa mtu asiyejulikana, fedha zinazokwenda kwenye michezo ya kamari ambayo kisheria ni ya watu wazima, mkopo wa simu ambao hakuna aliyeuomba: mambo hayo matatu yatakuambia mengi kuliko kurasa mia za mazungumzo kuhusu mpira na muziki. Wala hayamvunjii heshima, kwa sababu fedha za mtoto zimekuwa zikisimamiwa na mzazi tangu zamani.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

---

Baba wa Kasarani

Asante, ndugu wa Donholm, kwa kuandika kwa utulivu. Mimi ni mmoja wa wasiokubaliana nawe. Nina binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 16, na simu zao nazisoma. Mwezi Machi 2025 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu matangazo ya moja kwa moja ya ngono katika TikTok hapa Kenya, ambamo vijana walio chini ya miaka 18 walihusishwa, na hii ni programu ambayo kanuni zake zinasema mtu asirushe matangazo ya moja kwa moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kanuni za kampuni hazikumlinda mtoto wa mwenzangu, nami nikae nimngoje binti yangu aje kunisimulia? Akiona aibu na asije, mimi nitakuwa wapi? Afadhali anichukie leo nikiwa nimemwokoa.

---

Mzazi wa Donholm

Baba wa Kasarani, hofu yako naiheshimu, kwa kuwa hatari uliyoitaja ni ya kweli. Naomba uniruhusu nitenganishe mambo mawili. Binti wa miaka 13 na kijana wa miaka 16 hawako mahali pamoja. Kwa binti wa miaka 13 mimi mwenyewe ningeweka vizuizi vingi: idhini yangu kwa kila programu, muda wenye kikomo, akaunti iliyofungwa kwa wageni, na kuketi naye mara kwa mara tukiipitia simu pamoja, yeye akiwa ameishika.

Neno hilo "pamoja" ndilo ninalolishikilia. Ukimwambia, "Leo jioni tutaangalia nani amekuandikia wiki hii," anajua, na anayo nafasi ya kukueleza kabla hujaona. Ukiichukua simu akiwa bafuni, utajua lile lililomo tu. Atakapogundua, naye atagundua, atajifunza kufuta kabla hujafika. WhatsApp ina ujumbe unaojifuta wenyewe. Utabaki unasoma simu safi na kudhani kwamba mtoto ni salama.

Kuhusu aibu, umegusa penyewe. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto waliotendewa uovu wa kingono mtandaoni wengi wao hawakupeleka habari kwa polisi wala kwa simu za msaada, na kwamba waliowatendea mara nyingi walikuwa watu wanaowajua. Tazama maana ya jambo hilo. Mtu unayemhofia anaweza kuwa na jina la kawaida kabisa katika simu ya mtoto: mkufunzi wa timu, binamu, kijana wa jirani. Ukilisoma jina hilo hutashtuka. Anayejua kwamba huyo si mtu mwema ni mtoto peke yake.

---

Fundi wa Luthuli

Wazazi, mimi natengeneza simu katikati ya jiji, na kila likizo wazazi huniletea simu za watoto wao wakitaka niwawekee programu ya kusoma ujumbe wa mtoto bila yeye kujua. Kazi hiyo huwa naikataa, na nataka mjue sababu, kwa kuwa si ya maadili tu.

Ili programu ya namna hiyo ifanye kazi katika simu ya Android, kwa kawaida lazima kwanza uzime ulinzi wa Google unaokagua programu hatari, kisha uiweke kutoka nje ya duka rasmi na kuipa ruhusa ya kuona skrini, picha, kipaza sauti na mahali simu ilipo. Umeivunja ngome ya simu kwa mkono wako mwenyewe. Halafu hayo yote hayaji kwako moja kwa moja. Yanakwenda kwanza kwenye seva ya kampuni iliyo nchi nyingine, na wewe unaingia kwenye tovuti yake kuyatazama. Picha za mtoto wako, pamoja na zile ambazo hungependa mtu yeyote duniani azione, zinakaa kwa watu usiowajua.

Na kampuni hizo zimevuja mara nyingi. Mwaka 2018 TeenSafe, iliyokuwa ikiuzwa kwa wazazi wa Marekani, iligunduliwa imeacha seva bila ulinzi, nywila za akaunti za Apple za watoto zikiwa zinasomeka wazi. Tena programu hiyo ilimtaka mzazi azime uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti ya mtoto. Mwaka huo huo Family Orbit iliacha wazi gigabaiti 281 za picha na video za watoto waliokuwa wakifuatiliwa. mSpy imevuja zaidi ya mara moja, na mwaka 2024 data ya wateja wake ilitoka tena. Hata zile zinazotumiwa kwa uwazi si zote salama: Desemba 2021 gazeti la mtandaoni la The Markup lilieleza jinsi Life360, inayotumiwa na familia kuonana mahali walipo, ilivyokuwa ikiuza data hiyo kwa madalali.

Mzazi anayetaka vizuizi ana njia salama zaidi. Family Link ya Google inakuruhusu kuidhinisha programu, kuweka muda na kuona mahali simu ilipo, lakini haikuonyeshi mazungumzo. Simu za Apple zina vizuizi vyake ndani, pamoja na chaguo la kumwonya mtoto picha ya utupu inapoingia katika ujumbe, na ukaguzi huo hufanyika ndani ya simu yenyewe. TikTok ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto, na walio chini ya miaka 16 hawatumiwi ujumbe wa faragha humo. Instagram ilianzisha akaunti za vijana Septemba 2024, ambapo mzazi anaweza kuona mtoto amewasiliana na nani katika siku saba zilizopita bila kusoma walichoandikiana. Binafsi naona huo ndio mpaka mzuri: unajua ni nani, hujui ni nini.

---

Mwalimu Mshauri, Eastlands

Nimshukuru fundi kwa maelezo hayo. Nami nina mambo ambayo sijaona yakitajwa.

La kwanza ni kwamba mazungumzo ya mtoto wako si ya mtoto wako peke yake. Katika ofisi yangu ya ushauri wanafunzi huniambia mambo waliyoambiana wao kwa wao: kwamba mmoja anapigwa nyumbani, kwamba mwingine hajapata hedhi na anaogopa, kwamba wa tatu amefikiria kujidhuru. Mzazi anayesoma simu ya binti yake anasoma pia siri ya mtoto wa mwenzake, ambaye hakumpa ruhusa. Nimeona mambo ya namna hiyo yakifika kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kusaidia. Baada ya hapo hakuna mtoto wa darasa hilo aliyemwambia mwenzake lolote, na sisi walimu tukapoteza njia yetu kuu ya kujua nani yuko hatarini, maana aghalabu anayetuletea habari ni rafiki.

La pili ni la dharura, na naomba kila mzazi alishike. Ikitokea mtu ana picha ya utupu ya mtoto wako na anatishia kuisambaza, usimlipe, kwa sababu akilipwa atarudi. Usimwamuru mtoto afute mazungumzo, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Hifadhi jina la akaunti, namba ya simu na ujumbe wa vitisho, kisha mzuie. Picha yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata shangazi yake, hata mwalimu, hata kwa nia njema, kwa sababu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inaharamisha kumiliki na kusambaza picha za ngono za mtoto, nawe hutaki picha hiyo izidi kuzagaa. Piga 116, simu ya bure ya Childline Kenya. Idara ya Upelelezi wa Jinai nayo ina kitengo cha ulinzi wa watoto hapa Nairobi kinachoshughulikia makosa ya mtandaoni. Ipo pia huduma ya Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha kulinda watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo bila picha kuondoka katika simu, na mitandao inayoshiriki, kama Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Yote hayo yanataka mtoto awe amekuja kwako mapema, na mtoto aliyetishiwa kwamba "nikikuta upuuzi kwenye simu hiyo utanitambua" haji mapema. Huja pale mambo yamekwisha haribika, au haji kabisa.

---

Kijana wa Roysambu

Shikamooni wazazi. Nina miaka 19, na nimesoma uzi huu wote kwa makini. Mama yangu alikuwa na nywila ya simu yangu tangu nilipopewa, na tulikubaliana kwamba ataitumia endapo nitapotea au nitakuwa hatarini, na kwamba akiitumia ataniambia siku hiyo hiyo. Sidhani kama aliwahi kuitumia. Nilipokuwa kidato cha pili mtu mzima alianza kuniandikia mambo yasiyofaa kupitia mchezo wa simu, nami nikampelekea mama simu mwenyewe. Sikufikiri mara mbili, kwa sababu nilijua hataniuliza kwanza kwa nini nilikuwa nacheza usiku. Hilo la mchezo aliniuliza baadaye sana.

---

Mama wa South C

Assalam alaykum, wazazi. Maneno ya kijana huyu yamenitia moyo. Hata hivyo nina swali ambalo bado halijajibiwa. Binti yangu ana miaka 15. Tangu wiki chache zilizopita amebadilika: halali vizuri, simu ikilia anashtuka na kuigeuza kifudifudi, chakula hagusi, na juzi nilimkuta na simu nyingine ambayo anasema ameazimwa na mwenzake. Nimemuuliza kwa upole, anasema hakuna kitu. Je, hapo pia niheshimu faragha? Mimi ni mzazi, nitalala vipi?

---

Mzazi wa Donholm

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hapana, hapo hukai ukangoja. Kipimo nilichokitaja mwanzoni hakisemi kwamba mzazi asiangalie kamwe. Kinasema kuangalia kulingane na hatari. Dalili ulizozieleza ni hatari yenyewe, hasa simu ya pili, kwa kuwa watu wanaorubuni watoto wakati mwingine huwapa simu kwa makusudi ili wazungumze nao pasipo mzazi kujua.

Lakini namna ya kuangalia bado ina uzito. Ningekuwa mimi, jioni hii ningemwita mahali ambapo hakuna ndugu zake wanaosikia, na kabla sijagusa simu yoyote ningemwambia mambo matatu: kwamba nimeona mabadiliko na nina hofu, kwamba lolote litakaloonekana sitampiga wala kumwaibisha wala kumpelekea baba yake habari bila yeye kujua, na kwamba leo nitaiangalia simu akiwa ameketi kando yangu. Kisha ningempa dakika chache anieleze kwa mdomo wake. Wengi husema katika dakika hizo. Asiposema, iangalie mbele yake, tafuta lile linalohusu hofu yako, na uache mengine, hata ukikutana na utani usioupenda au jina la mvulana. Ukianza kumgombeza kwa hayo madogo, kubwa litabaki limefichika.

Na usiende peke yako. Kama ana shangazi, mwalimu au ustadhati anayempenda, mwombe awe karibu. Vijana wengine humwambia mtu wa kando kile wasichoweza kumwambia mama, nawe usione wivu kwa hilo.

Ukiona alama zozote za kujidhuru, usingoje hata mazungumzo hayo. Mpeleke akaonane na daktari leo, na usimwache peke yake.

---

Baba wa Kasarani

Nimerudi, na bado sijakubali yote, lakini nimeelewa tofauti ya miaka. Kwa mvulana wa miaka 16 nitajaribu njia ya kuangalia fedha na majina tu, naye ajue. Kwa binti nitaendelea kusoma, ila mbele yake. Swali langu: nitajuaje wakati wa kulegeza?

---

Mzazi wa Donholm

Ningesema uangalie mambo anayokuletea bila kuulizwa. Akikuonyesha ujumbe wa ajabu uliomfikia, akikuambia kwamba mwenzake amefanyiwa uonevu kwenye kundi la darasa, akikiri kwamba muda umempita kwenye simu, basi amekomaa hatua moja, nawe mwambie waziwazi ni kanuni gani unaiondoa na kwa nini. Kijana wako wa miaka 16 ana miaka miwili tu kabla ya kuchukua kitambulisho, na huenda baada ya hapo akaenda chuo Eldoret au Mombasa akiwa na simu, fedha mkononi na chumba cha kukodi. Wakati huo hakuna programu itakayokusaidia. Miaka hii miwili ndiyo nafasi aliyo nayo ya kujifunza kujizuia ungali karibu naye.

Wapo watafiti wa Marekani waliochunguza programu 75 za Android zilizotengenezwa kwa ajili ya usalama wa vijana mtandaoni, nao wakachapisha mwaka 2017 kwamba asilimia 89 ya uwezo wa programu hizo ulikuwa wa kumdhibiti kijana, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyomsaidia kujidhibiti. Kwa hiyo tusitarajie kazi hiyo ya pili ifanywe na kampuni. Ni yetu.

---

Mama wa Lang'ata

Naomba msaada kabla uzi haujafungwa. Mume wangu aliweka programu ya siri kwenye simu ya mwana wetu wa miaka 15 tangu Aprili. Tumeusoma uzi huu pamoja jana usiku, naye amekubali kuiondoa. Je, tuiondoe kimyakimya au tumwambie mtoto?

---

Mzazi wa Donholm

Dada, mwambieni, tena mwambieni kabla ya kuiondoa, na baba ndiye azungumze kwa kuwa ndiye aliyeiweka. Mkiiondoa kimya, kisha akajua baadaye kutoka kwa fundi au rafiki, hataamini tena ahadi yoyote ya kanuni za wazi. Baba aeleze alichokuwa akikihofia, aeleze alichokiona, na mtoto apewe nafasi ya kukasirika bila kuadhibiwa kwa hasira hiyo. Kanuni mpya zijadiliwe siku nyingine, si jioni hiyo hiyo. Upande wa simu namwachia fundi.

---

Fundi wa Luthuli

Mama, kuifuta programu kwenye simu hakutoshi. Ingieni kwanza kwenye tovuti ya kampuni hiyo, mfute data iliyohifadhiwa na kisha akaunti yenyewe, na msitishe malipo ya kila mwezi. Ndipo muiondoe kwenye simu, mkianza na ruhusa yake ya usimamizi wa kifaa, la sivyo itakataa kutoka. Washeni tena ulinzi wa Google na muuache ukague simu nzima. Mtoto abadilishe nywila zake zote akitumia simu nyingine iliyo safi, aanze na ile ya barua pepe, kisha afungue WhatsApp kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na aondoe chochote asichokitambua. Kama simu ilifunguliwa mfumo wake ili programu iingie, ileteni kwa fundi mnayemwamini airudishe ilivyotoka kiwandani, baada ya kuhifadhi picha zake.

Na anapobadilisha nywila hizo, msisimame nyuma yake.